Nyumba Moja, Risiti Mbili



Kuna shauri moja linalozunguka siku hizi katika vikundi vyetu, nje ya kanisa baada ya Misa ya Dominika, na hata katika mikutano tunayoiita ya kupanga maisha. Lasema hivi: nunua kiwanja ungali kijana, jenga vyumba, pangisha kwa dola, wala usimlipe mtu kodi. Hulitoa watu wazima wenye heshima, nao vijana hulipokea kama hekima ya wazee. Tumelisikia mara nyingi, na kwa muda mrefu tulinyamaza. Leo twataka kulijibu.

Maneno matatu ya kwanza hatuyapingi. Katika nchi ambamo mshahara huchelewa na thamani ya franka huyumba, nyumba ndiyo akiba inayoeleweka na wote. Tunawajua wajane wanaolipia watoto wao shule kwa pango la vyumba viwili vya uani. Tunawajua walimu wastaafu ambao bila nyumba hiyo ndogo wangeishi kwa kuombaomba. Kijana anayejinyima vinywaji na mavazi ili anunue matofali anastahili sifa. Yezu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia kwa kuacha msingi mtupu. Kuhesabu ni jambo la Kikristu.

Tunalolipinga ni neno la nne, pamoja na jina zuri lililovikwa. Kutolipa kodi huitwa "mpango", huitwa "akili", anayelipa huitwa mjinga. Sisi twasema kwamba neno hilo la nne laharibu yale matatu yaliyotangulia. Tena twasema kwamba wa kwanza kuumizwa nalo si Serikali. Ni mpangaji, ni mjane, ni yatima, na mwishowe ni mwenye nyumba mwenyewe.

Jinsi mambo yanavyofanyika

Tueleze kwanza sheria, kwa kuwa wengi huipinga pasipo kuijua. Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha imo katika sheria ya 10 Februari 1969, iliyorekebishwa mara kadhaa baadaye. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni 22 kwa mia ya pango. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, hukata 20 kwa mia kila anapolipa pango na kuipeleka hazina. Mwenye nyumba humalizia 2 zilizobaki anapotoa tamko lake la mwaka. Katiba ya 2006, katika ibara ya 204, iliiweka kodi hii katika madaraka ya mikoa, pamoja na kodi ya ardhi na majengo na ile ya magari. Kwa hiyo kila mmoja aulize kiwango cha mkoa wake mwenyewe, wala asitegemee maneno ya jirani.

Sasa tazameni jinsi sheria hiyo inavyokwepwa. Pango lililokubaliwa ni dola 300 kwa mwezi. Mwenye nyumba huandika mikataba miwili: mmoja wa dola 300, anaoufungia sandukuni, na mwingine wa dola 100, anaouonyesha kwa ofisi ya kodi. Risiti nazo huwa mbili. Wengine hawaandiki lolote: pesa hupita mkono kwa mkono, na shahidi pekee ni komisioneri aliyeleta mteja, ambaye akiisha kupata chake hapatikani tena kwa simu.

Angalieni vizuri kiini cha jambo hili. Ili kodi isionekane, yapasa pango lisionekane. Ili pango lisionekane, yapasa karatasi isiwepo, au iwepo ikiwa ya uongo. Basi anayekushauri usilipe kodi, amekushauri pia usiandike ukweli. Na mahali pasipo na karatasi ya kweli, mwenye nguvu hushinda daima.

Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite pango la miezi 3, na kwamba mpangaji aondokapo arudishiwe. Je, ni wangapi kati yenu mnaopanga chumba mliodaiwa miezi 3 tu? Wengi wamedaiwa 6, na katika miji mikubwa hata 10. Nao hawawezi kushtaki, kwa maana hawana mkataba, au wanao mkataba unaotaja kiasi kisichokuwa cha kweli. Msichana anayeanza kazi hukopa kwa ndugu na marafiki ili atimize garanti hiyo. Mwaka ukiisha huambiwa aondoke, na pesa zake zimekwisha kugeuzwa kuwa mabati ya nyumba nyingine ya tajiri wake. Akilia, huulizwa: karatasi iko wapi?

Ungamo letu

Hatusemi haya kama watu walio safi. Chama chetu kilipanga chumba cha mikutano chenye ofisi ndogo kando yake. Mwenye nyumba alikuwa Mkristu mwenzetu, mtu wa sala. Pango lilikuwa dola 150 kwa mwezi, na garanti ya miezi 6. Alituomba, kwa upole na kwa kucheka kidogo, tutie sahihi risiti za dola 60. Alisema kwamba kila mtu hufanya hivyo na kwamba sisi hatupotezi kitu. Tulitia sahihi. Kwa kuwa sisi ni shirika lenye hati, sheria ilitutaka tukate sehemu ya pango na kuipeleka hazina. Hatukukata hata franka moja. Tulifanya hivyo mwaka wa kwanza, tukafanya hivyo mwaka wa pili.

Ni katibu wetu, mdogo kuliko sisi sote, aliyeuliza mbele ya mkutano, siku ya kutayarisha mafungo ya Kwaresima: "Hesabu tutakazosomea wanachama ni zipi, za risiti hii au za ile?" Hakuna aliyemjibu. Mmoja wetu alifungua dirisha kana kwamba kulikuwa na joto.

Tulikwenda kwa mwenye nyumba, tukamwambia kwamba tangu mwezi ule tungelipa kwa risiti moja na kukata kodi kama sheria inavyoagiza. Alikasirika, akatupa miezi 3 ya kuondoka. Tulipodai garanti yetu, dola 900, alituonyesha karatasi tulizozitia sahihi kwa mikono yetu wenyewe: miezi 6, dola 60 kwa mwezi, jumla dola 360. Ndizo alizoturudishia. Dola 540 za michango ya wanachama, wengi wao wauzaji wa sokoni, zilipotea katika uongo tulioukubali kwa kicheko. Hatukuwa na mahali pa kushtaki, kwa maana mashahidi wa uongo ule tulikuwa sisi. Leo twakutania katika darasa la kuazima, kwenye madawati ya watoto, na tumeanza kurudisha pesa zile kwa kujichangisha. Twawaeleza haya ili mjue kwamba hatunakili maonyo vitabuni.

Kanisa lasema nini

Wapo wanaodhani kwamba dini haina neno juu ya kodi. Wamekosea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2240, yafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri, kwa ajili ya mema ya wote. Katika namba 2409, pale inapofafanua amri ya kutoiba, yataja udanganyifu wa kodi katika orodha moja na rushwa, hundi za uongo na kazi iliyofanywa vibaya. Jina la jambo hilo, basi, ni wizi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1965, katika hati ya *Gaudium et Spes* namba 30, ulilaumu wale wanaotumia hila ili kukwepa kodi za haki, huku wakijiona kuwa watu wema.

Manabii walisema kwa ukali zaidi. Yeremia, katika sura ya 22, alimlilia ole mfalme aliyejenga nyumba yake kwa udhalimu na kuongeza ghorofa juu ya ghorofa pasipo kuwalipa wafanyakazi. Isaya, katika sura ya 5, aliwakemea wanaounga nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata wengine wasione mahali pa kukaa. Hakuna nabii aliyekemea kujenga. Walikemea nyumba ambayo ndani ya kuta zake mna haki ya mtu mwingine.

Kumbukeni pia nyumba ya Zakayo. Wokovu ulipoingia kwake, aliutambua kwa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yake ilikuwa na tarakimu. Toba yetu sisi wapangishaji na wapangaji nayo iwe na tarakimu.

Tunaowajibu

Twajua mtakayojibiwa mtakapoyasema haya nyumbani. Tuyachukue majibu hayo moja baada ya moja.

La kwanza husema: "Serikali yenyewe yaiba, mbona nimlishe mwizi?" Pingamizi hili ni zito, wala hatulidharau. Barabara zetu tunaziona. Walimu wa watoto wetu tunawajua kwa majina, na tunajua wamesubiri mshahara miezi mingapi. Maaskofu wetu wamelaani wizi wa mali ya umma mara nyingi, nasi twalaani pamoja nao. Lakini hebu tuulize: anayekwepa kodi amemnyima nani? Mkubwa mwizi hachukui kidogo kwa sababu hazina ina kidogo. Yeye huchukua kwanza, na upungufu huwaangukia shule na zahanati. Tena huyo asemaye kwamba hamlishi mwizi, mara nyingi anamlisha kila mwaka. Wakala wa kodi akibisha mlango, hupewa matabishi, kisha hufunga daftari na kwenda zake. Pesa zile hazikuingia hazina, ziliingia mfukoni. Anayelaani rushwa mchana na kuilipa jioni ajue kwamba yeye ni nguzo mojawapo ya nyumba anayoilaani.

Na kuna jambo baya zaidi: mwenye risiti mbili hana sauti. Hawezi kusimama mbele ya meya na kuuliza pesa za mfereji zilikwenda wapi, kwa kuwa anaogopa faili lake lisifunguliwe. Watawala wabaya wanawapenda raia wa namna hiyo. Raia aliyelipa, mwenye stakabadhi ya benki mkononi, ndiye anayeweza kudai. Yezu alipoonyeshwa sarafu yenye sura ya Kaisari, utawala wa Kirumi haukuwa wa haki wala wa huruma. Hata hivyo alisema Kaisari apewe kilicho chake. Na papo hapo alimnyima kile kilicho cha Mungu, yaani dhamiri ya mtu. Lipeni, kisha daini hesabu. Mambo hayo mawili hayaachani.

Pingamizi la pili husema: "22 kwa mia ni nyingi mno, tena inahesabiwa juu ya pango lote, bila kujali saruji niliyonunua." Hapa twakubali kwamba lalamiko lina haki ndani yake, hasa kwa mjane mwenye vyumba viwili. Lakini kodi ikiwa nzito, ipingwe mchana. Mkoa una bunge lake, na wabunge hao huja kutuomba kura. Wenye nyumba waungane, waandike, waombe kiwango kipunguzwe kwa wenye mapato madogo. Sheria zenyewe zina misamaha kwa majengo fulani. Anayestahili msamaha audai bila aibu, kwa maana kutumia ruhusa ya sheria si dhambi. Dhambi ni kuandika 60 pale ulipopokea 150.

La tatu husema: "Nikilipa, nitaongeza pango, na maskini ndiye atakayeumia." Sheria iliiweka kodi hii begani mwa mwenye nyumba. Anayeihamishia begani mwa mpangaji asimtaje maskini kana kwamba anamwonea huruma. Aseme tu kwamba hataki faida yake ipungue. Na kama kweli anamwonea huruma maskini, aanze leo kwa kurudisha garanti zilizozidi miezi 3.

Hesabu iliyo nyoofu

Wapendwa, kukataza peke yake hakujengi. Tuketi basi kama yule mjenzi wa mnara, tuhesabu.

Tuseme kijana amejenga kinyumba kwa dola 8000, akipangishe kwa dola 100 kwa mwezi. Washauri wetu humwambia hivi: dola 1200 kwa mwaka, basi katika miaka 6 na miezi 8 pesa zako zimerudi. Hesabu hiyo ni tamu, na ni ya uongo hata kwa asiyelipa kodi, kwa sababu hakuna nyumba isiyovuja wala mpangaji asiyehama. Sisi twahesabu hivi: katika dola 1200 toa 264 za kodi kwa kiwango cha 22 kwa mia, zabaki 936. Toa pango la mwezi mmoja, dola 100, kwa ajili ya matengenezo au chumba kukaa tupu. Zabaki 836. Kwa hesabu hii pesa zitarudi baada ya zaidi ya miaka 9 na nusu. Tofauti ya karibu miaka 3 ndiyo kishawishi chote tunachokizungumzia. Lakini ndiyo pia inayomwokoa kijana: anayekopa kwa kuamini miaka 6 na miezi 8 atazama katika deni mvua ya kwanza itakapong'oa bati, anayekopa kwa hesabu nyoofu atalala usingizi.

Kwa hiyo twawashauri haya. Kabla ya tofali la kwanza, tafuteni cheti cha usajili. Sheria ya 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Karatasi ya mwuzaji yenye sahihi za mashahidi wawili haitoshi, hata mashahidi hao wakiwa wazee wa parokia. Mkataba wa pango uwe mmoja, nakala mbili zinazofanana, na pango la kweli liandikwe ndani yake. Kila mwezi, pango likiingia, sehemu ya kodi itengwe siku hiyohiyo kabla ya kununua lolote, kama vile mkulima anavyotenga mbegu kabla ya kula mavuno. Garanti iwekwe mahali pake, isiguswe, kwa kuwa ni mali ya mtu mwingine mnayomtunzia. Kodi ilipwe benki au mahali panapotoa stakabadhi, isiwekwe mkononi mwa wakala yeyote. Na karatasi hizi zote ziwekwe pamoja, mke au mume na watoto wakubwa wajue zilipo.

Hilo la mwisho tulitilie mkazo. Tumeona vilio vingi vinavyogeuka kuwa vita juu ya nyumba. Baba hufa, na juma halijaisha ndugu zake wamekwisha kubadili kufuli. Kanuni ya Familia yawalinda watoto na mjane. Lakini mjane atathibitishaje, ikiwa marehemu, kwa kukwepa kodi, hakuandika jina lake popote? Alidhani anaificha nyumba isionekane na Serikali. Kumbe aliificha isionekane na wanawe.

Kijana wa Goma

Msiseme kwamba uaminifu wa namna hii ni wa malaika. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka wa 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mwana wa jumuiya ya Sant'Egidio, mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alitakiwa apokee pesa na kuruhusu chakula kilichoharibika kipite kwenda sokoni. Alikataa, kwa kuwa wangekila watu. Alitekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, alipowafundisha juu ya uaminifu. Na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri huko Roma.

Hatusemi kwamba risiti ya pango ni sawa na damu ya shahidi. Twasema tu kwamba yeye alijua jambo tulilolisahau sisi tulipochukua kalamu: nyuma ya kila karatasi kuna mtu atakayekula au atakayekosa. Yeye aliulizwa kwa gharama ya uhai wake. Sisi tuliulizwa kwa gharama ya chumba cha mikutano, tukajibu vibaya.

Jengeni basi, enyi vijana. Nunueni viwanja, pangeni, pangisheni. Lakini iwe nyumba moja, mkataba mmoja, risiti moja. Ili siku mwenye haki yoyote atakapokuja kuidai haki yake, awe mpangaji, awe yatima, awe hazina ya watu wote, msihitaji kufungua dirisha na kusema kuna joto.

*Maswali ya kutafakari kikundini*

1. Je, katika familia zetu na katika vyama vyetu, kuna risiti au mkataba usiosema ukweli? Nani amepoteza kwa ajili yake?

2. Tunaopanga vyumba: je, tunayo mikataba iliyoandikwa, na garanti tuliyotoa imetajwa kwa kiasi chake halisi?

3. Kikundi chetu kitawezaje kwenda kuuliza kiwango cha kodi cha mkoa wetu, na kuwaeleza wajane wa parokia haki na wajibu wao?